Wapangaji 14, chumba kimoja

Wadau, kuna ofisi hapa mjini Arusha ina seva moja yenye memori ya gigabaiti 32. Ndani yake fundi ameweka mashine pepe sita (yaani kompyuta za kuigiza, kila moja ikijiona iko peke yake), na kila moja ameiahidi gigabaiti 8. Piga hesabu: 48 ndani ya 32!

Utasema huo ni ubabaishaji wa Kibongo. Hapana. Mchezo huu una zaidi ya nusu karne.

Januari 1967, IBM kule Cambridge, Marekani, walianza kutumia mfumo wa CP-40. Kompyuta yenyewe, System/360 Model 40, memori yake haikuzidi kilobaiti 256. Ikabeba mashine pepe hadi 14, na kila moja iliahidiwa kilobaiti 256. Chumba kizima! Siri ni kwamba wapangaji hawatumii kila kitu kwa wakati mmoja. Kisichotumika kinatolewa nje, kikihitajika kinarudishwa.

Balaa ni pale wote wanapohitaji kwa pamoja. Kompyuta inashinda ikihamisha mizigo badala ya kufanya kazi. Peter Denning aliueleza ugonjwa huo mwaka 1968. Kwetu kompyuta ya kwanza ilikuwa imefika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuziingiza nchini.

Mwaka 2002 Carl Waldspurger wa VMware akaeleza dawa mojawapo: mashine iliyokalia memori bila kuitumia itozwe kodi, ndiyo inyang'anywe kwanza.

Mzee wa Kimeru hapo hashangai. Mifereji inayoshuka Mlima Meru ilikuwa na utaratibu wake kabla ya umeme kufika: maji ni ya zamu, na anayekwepa kazi ya kusafisha mfereji anatozwa faini. Maji hayatoshi wote kwa mara moja, na kila mtu anajua hivyo.

Ila mfereji una wazee wanaoutazama. Seva nyingi zikishawashwa zinasahaulika, mpaka mwisho wa mwezi mishahara, mahesabu na barua pepe vinapoamka pamoja. Hapo ndipo ile ahadi ya 48 inadaiwa, na mishahara inachelewa.

Kuahidi zaidi ya ulichonacho si kosa. Kosa ni kuahidi halafu usitazame. Je, ofisini kwenu mzee wa mfereji ni nani?