Namna ya Kuchagua Swali katika Kazi ya Historia

Kila mwaka, ifikapo saa ya kuandika kazi ya historia, ndugu zetu wa seminari hutuletea karatasi yenye kichwa kikubwa: «Historia ya Eklezya katika Kongo», au «Kazi ya Wamisionere katika Afrika». Sisi pia tulianza hivyo. Mtu anakusanya vitabu vitatu, anavifupisha, anatia neno la sifa mwanzoni na neno la shukrani mwishoni, kisha anafikiri amemaliza. Kweli amenakili tu. Historia hakuifanya, kwa sababu hakuuliza kitu.

Mwandishi wa historia ni kama mzee anayekata mashauri. Akiwaita mashahidi mia moja, lakini hajui anatafuta nini, watu watasema mpaka jua litue na shauri litabaki palepale. Basi kazi ya kwanza ni kupata swali.

Tutoe mfano wa nchi yetu: misioni ya Mpala, kando ya ziwa Tanganyika. Mambo yake makubwa yanajulikana. Mwaka 1883 ofisa Mbelgiji, Emile Storms, alijenga boma pale kwa ajili ya shirika la mfalme Leopold II. Mwaka 1884 watu wake wenye bunduki walimshambulia sultani Lusinga, wakamwua na kumkata kichwa, na Storms akalichukua fuvu lake hata Ubelgiji. Mwaka 1885 boma lilikabidhiwa kwa Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie. Mwaka 1887 alifika Kapiteni Joubert, Mfaransa aliyekuwa zamani askari wa Papa, ili awalinde watu na wawindaji wa watumwa. Mwaka 1893 Mapadri walianzisha misioni ya Baudouinville, upande wa kusini, na ni huko Stefano Kaoze alipopewa upadri mwaka 1917, wa kwanza kati ya Wakongo wa nyakati hizi.

Je, kimebaki kitu cha kuuliza? Mseminari mmoja alituletea swali hili: «Namna gani imani iliwakomboa watumwa wa Tanganyika?» Tukamwambia: «Ndugu, jibu limeketi tayari ndani ya swali lako. Utatafuta maneno ya kulipamba, na maneno yasiyopatana nalo utayapita bila kuyaona.» Mwenzake alitaka kuuliza kama Joubert alikuwa mtu mwema au mtu mbaya. Hilo nalo tukamrudishia. Kupima roho ya mtu ni kazi ya Mungu. Sisi twaweza kuuliza: Joubert alikata mashauri gani kati ya watu wa Mrumbi, na kwa sheria ya nani? Hapo kuna kitu cha kutafuta.

Yule wa kwanza alirudi baada ya likizo akiwa na swali jipya: «Watu waliokaa karibu na misioni ya Mpala, kati ya mwaka 1885 na 1893, walitoka wapi, na ni nini kilichowaleta?» Tulifurahi sana. Tazameni sababu.

Kwanza, swali hili lina mipaka: mahali pamoja, miaka minane, watu fulani. Shamba dogo linalimika vizuri. Msitu mzima humshinda mtu na jembe lake.

Pili, lina mashahidi. Kardinali Lavigerie aliwaagiza Mapadri wake waandike mambo ya kila misioni katika kitabu cha kila siku, na maandishi hayo yametunzwa Roma. Kuna vitabu vya ubatizo. Kuna wazee pia. Mwaka 1961 Jan Vansina alitoa kitabu chake juu ya masimulizi ya mdomo, akaonyesha kwamba neno la wazee laweza kupimwa kama karatasi: nani alilisema, alilipata kwa nani, lamfaa nani. Karatasi nayo ipimwe vilevile. Padri aliandika mambo aliyoyaona yeye. Mawazo ya mtu aliyefika mlangoni usiku hakuweza kuyajua yote.

Tatu, jibu lake hatulijui mbele. Wengine walikuwa watoto waliokombolewa kwa vitambaa. Wengine labda walikimbia vita, au walitafuta kazi, au waliogopa boma ambalo mwaka mmoja mbele lilikuwa limemwua Lusinga. Ni nani waliokuwa wengi? Swali jema huacha mlango wazi, hata kwa jibu lisilotupendeza.

Nne, jibu lina faida. Hapa yatupasa kueleza jambo lililomgeuza mseminari huyu. Wakati wa likizo alimwuliza bibi yake juu ya mwanzo wa ukoo wao. Bibi akafunga mlango, akasema kwa sauti ndogo kwamba mama wa ukoo alinunuliwa angali mtoto, na kwamba jambo hilo halisemwi mbele ya watu, maana majirani wangewaita watumwa. Kijana alitujia na uchungu moyoni. «Padri,» alisema, «katika swali langu la kwanza mama huyu hakuwa na nafasi. Nilisema ‹watumwa›, na sikujua kwamba ninamsema yeye.»

Ndugu, ndiyo hatari ya swali baya. Linamficha mtu. Tunasifu wakombozi, tunasahau waliokombolewa. Na hao ndio waliokuwa kati ya wakristu wa kwanza.

Lakini ukweli huenda pamoja na mapendo. Tulimwambia kijana asiandike jina la ukoo bila ruhusa ya bibi, wala asiandike uwongo kwa kuficha. Bibi alifikiri siku nyingi, kisha akakubali mambo yaandikwe bila majina. Tusiwatie aibu walio hai kusudi tupate alama nzuri.

Wengine wataogopa wakisema: tukiuliza hivi, je, hatutaaibisha Eklezya? Tukumbuke Papa Leo XIII. Mwaka 1881 aliwafungulia wenye elimu akiba ya maandishi ya Vatikano, na katika barua yake ya mwaka 1883 alifundisha kwamba mwandishi wa historia asithubutu kusema uwongo, wala asiogope kusema kweli. Eklezya haisimami juu ya sifa za uwongo.

Basi, nanyi wakatekista, kazi hii si ya wanaseminari tu. Ninyi mnakaa na wazee. Ulizeni: nani alijenga kapela yetu ya kwanza, na alilipwa nini? Mkatekista wa kwanza alitoka kijiji gani? Andikeni jina la aliyewaambia na tarehe aliyosema. Msingoje. Kila mzee tunayemzika anakwenda na kitabu ambacho hakuna aliyekisoma.

Kijana yule alimaliza kazi yake. Ukurasa wa mwisho alikiri kwamba juu ya watu wengi hakuweza kujua kilichowaleta. Tulimpa alama nzuri kwa ukurasa huo hasa.