Simba Yule Yule

Cucu aliacha mkebe wa majani chai wenye shilingi 11 za kikoloni. Mimi, niliyeacha chuo mwaka wa pili na ninadaiwa kodi ya miezi miwili, niliona kitu kimoja tu ndani yake: fedha. Namaanisha fedha ya sonara, ile ya kupimwa kwa mizani.

Sonara alizipanga mezani, akanirudishia tatu papo hapo. "Hizi hazina kitu. Hizi nane zina fedha, lakini ni robo tu."

Robo aje? Zote 11 zina simba yule yule, na milima ile ile nyuma yake. Nikarudi keja nikaanza kusoma.

Kabla ya shilingi, watu huku walilipwa kwa rupia ya India, gramu 11.66, karibu asilimia 92 fedha tupu. Baada ya Vita vya Kwanza bei ya fedha ikapanda, rupia nayo ikapanda, na masetla wakaanza kulia juu ya madeni yao. Mwaka 1920 bodi ya sarafu iliyokaa London ikatuletea florini: uzito wa rupia, ila fedha nusu. Haikudumu. Mwaka 1921 ikaja shilingi, fedha asilimia 25, sehemu kubwa ya iliyobaki ikiwa shaba. Rupia moja ikawa shilingi mbili. Piga hesabu: gramu 10.7 za fedha zikawa 3.9.

(Na hawa ndio walikuwa wametupa senti za alumini mwaka 1907. Hali ya hewa yetu ikazila, ikabidi wabadilishe.)

Najua, mtu wa uchumi ataniambia thamani ya sarafu haiko kwenye metali. Sawa. Lakini mwaka huo huo wa 1921 masetla waliamua kukata mishahara ya Waafrika kwa thuluthi moja, na kodi ya kichwa ilikuwa imefika shilingi 16. Harry Thuku alipinga hayo, akakamatwa Machi 1922. Watu walipokusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi kumdai, walipigwa risasi. Serikali yenyewe ilihesabu maiti 21, Mary Muthoni Nyanjiru akiwa mmoja wao.

Zile tatu zilizokataliwa? Ni za 1948 na 1952. Kufikia hapo fedha ilishatolewa yote, ikabaki shaba na nikeli. Simba hakuguswa. Ukikimbia sokoni na shilingi yako, utajuaje? Hata mimi nilihitaji sonara. Shilingi yetu ya 2005 angalau haifichi: weka sumaku, inanasa, kwa sababu ndani ni chuma.

Niliuza saba. Hazikufika gramu 14 za fedha. Ya 1922 nimebaki nayo, mgongo wa simba umelika hadi umeingia unjano. Landilodi alipiga simu tena leo asubuhi.