Zana za Kutafutia Habari Mtandaoni na Mipaka Yake

Zana ya kwanza ya kutafutia vitu katika intaneti iliundwa kabla wavuti haijafunguliwa kwa umma. Mwaka 1990 Alan Emtage, mzaliwa wa Barbados aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, alikuwa na kazi ya kusaka programu za bure katika seva moja baada ya nyingine. Akaandika programu ya kumfanyia kazi hiyo, nayo ikaitwa Archie. Ilipitia seva za FTP, ambako vyuo viliweka mafaili yachukuliwe na yeyote, ikakusanya majina ya mafaili hayo. Mtafutaji aliunganisha kompyuta yake na seva ya Archie, akaandika amri ya prog na jina la faili, kisha akasubiri. Jibu lilikuja kwa maandishi matupu: jina la seva, folda, ukubwa wa faili. Kilichoandikwa ndani ya faili Archie haikukijua. Aliyelijua jina, japo nusu yake, alipata. Aliyejua mada tu alitoka mikono mitupu.

Kila zana iliyofuata ilikuwa na mpaka wake wa namna hiyo, na kuchagua zana kulitaka kwanza kuujua mpaka huo. Mwaka 1991 Chuo Kikuu cha Minnesota kilitoa Gopher, mfumo wa kupanga habari kwa menyu, na mwishoni mwa 1992 Chuo Kikuu cha Nevada kilichoko Reno kikaongeza Veronica, iliyotafuta ndani ya vichwa vya menyu hizo. Gopher haikudumu. Mwaka 1993 Minnesota ilitangaza kutoza ada kwa baadhi ya watumiaji wa programu yake ya seva, na tarehe 30 Aprili mwaka huohuo kituo cha utafiti cha CERN kikaiachia dunia teknolojia ya wavuti bila malipo. Watu wakahamia wavuti.

Huko ziliota njia mbili. Ya kwanza ilikuwa saraka, kazi ya mikono na macho ya watu. Jerry Yang na David Filo, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, walianza mwaka 1994 kuorodhesha tovuti walizozipenda, na orodha hiyo ikawa Yahoo. Tovuti ilisomwa na mtu, ikawekwa chini ya mada inayoifaa. Ukurasa wa mbele ulikuwa na mafungu makuu 14. Aliyetaka habari za Tanzania alianzia fungu la maeneo, akaingia nchi, kisha Tanzania, akakuta tovuti zimepangwa kwa mada. Saraka ilimfaa sana mgeni wa somo, maana ilimwonyesha sura ya somo lenyewe hata kabla hajajua maneno ya kuuliza. Wakutubi waliifanya kazi hii kwa umakini zaidi ya wafanyabiashara: INFOMINE, iliyoanzishwa mwaka 1994 na maktaba ya Chuo Kikuu cha California kilichoko Riverside, ilichagua vyanzo vinavyofaa wasomi na kuvieleza kimoja kimoja. Udhaifu wa saraka ulikuwa uchache na ucheleweshaji, kwa kuwa wavuti ilikua kwa kasi ambayo hakuna kundi la wasomaji lingeweza kuifikia.

Njia ya pili ilikuwa roboti, yaani programu inayofuata viungo kutoka ukurasa hadi ukurasa na kuandika faharasa. JumpStation ya Jonathon Fletcher, katika Chuo Kikuu cha Stirling huko Scotland, ilianza Desemba 1993 ikisoma vichwa vya kurasa tu. WebCrawler ya mwaka 1994 ilisoma maneno yote. Kisha tarehe 15 Desemba 1995 kampuni ya Digital ikafungua AltaVista, ikiwa na faharasa ya kurasa milioni 16 hivi. Hiyo ndiyo iliyompa mtafutaji uwezo mkubwa kuliko zote za wakati wake, mradi ajue kuuliza. Alama ya kujumlisha mbele ya neno ilimaanisha kwamba lazima liwemo, ya kutoa kwamba lisiwemo, na alama za kunukuu zilifunga maneno yafuatane. Aliyeandika +katani +Tanga alipewa kurasa zenye maneno yote mawili. Aliyeandika katani peke yake alipewa kila ukurasa wenye neno hilo, uwe wa maana au usiwe.

Hata hivyo zana hizo za roboti, zilizoitwa injini za utafutaji, hazikuona wavuti nzima. Mwaka 1999 Steve Lawrence na Lee Giles walichapisha katika jarida la Nature makadirio kwamba hakuna injini iliyofikia zaidi ya asilimia 16 ya kurasa milioni 800 zilizoweza kufikiwa. Kwa hiyo zana kama MetaCrawler, iliyotoka Chuo Kikuu cha Washington mwaka 1995, zilikuwa na sababu ya kuwapo: zilipeleka swali moja kwa injini kadhaa na kuunganisha majibu. Gharama yake ni kwamba alama za kubana swali mara nyingi zilipotea njiani.

Katika hali hiyo wakutubi walianza kufundisha uchaguzi wa zana kama somo. Mada pana ipelekwe kwenye saraka. Jina la mtu, neno adimu au fungu kamili la maneno lipelekwe kwenye injini. Anayetaka kujua upesi kama kuna chochote aanze na zana ya kuunganisha.

Google iliufuta mgawanyo huo machoni pa watu. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin walieleza mfumo wake uliopima uzito wa ukurasa kwa viungo vinavyouelekea na uzito wa kurasa zilizoviweka. Katika makala yao walibainisha kwamba mnamo Novemba 1997, kati ya injini nne kubwa za biashara, ni moja tu iliyoweza kujipata yenyewe ilipotafutwa kwa jina lake. Mpangilio mpya uliponya kasoro hiyo, na haja ya alama ikapungua. Saraka zikadhoofika: ya Yahoo ilifungwa mwishoni mwa 2014, na DMOZ, iliyojengwa na wahariri wa kujitolea tangu 1998, ikafungwa Machi 2017. AltaVista ilikuwa imezimwa tangu Julai 2013.

Kilichobaki nje ya macho ya roboti ni hifadhidata zinazojibu tu pale mtu anapojaza kisanduku chake. Google imezifikia baadhi kwa sehemu, lakini haiwezi kubana swali kama zinavyolibana zenyewe. Utafiti wa tiba hutafutwa vyema katika PubMed, iliyofunguliwa bure mwaka 1997, ambako makala zimewekewa istilahi moja hata waandishi wanapotumia majina tofauti ya ugonjwa uleule. Majarida ya Afrika yako katika African Journals Online, iliyoanza mwaka 1998. Hukumu za mahakama za Kenya ziko katika hifadhidata ya Kenya Law, inayomruhusu wakili kubana swali kwa mahakama, jaji na mwaka. Tangu mwisho wa 2022 zimeongezeka programu za mazungumzo zinazotunga jibu badala ya kutoa orodha ya kurasa. Hizo zinafaa kuelezea dhana ngeni, kazi iliyokuwa ya saraka, lakini zinaweza kutaja hukumu au makala ambayo haipo, na anayehitaji waraka wenyewe hulazimika kuufungua katika hifadhidata yake.