Mwami Mmoja, Bami Wengi: Kuvisoma Vitabu vya Alexis Kagame tukiwa Fizi

Nchini Rwanda, mwami alikuwa mfalme, mmoja tu, na ngoma yake ilikuwa Karinga. Kwa Wabembe wa Fizi, mashariki mwa Kongo, na jamaa zao Walega, mwami ni mtu aliyeingizwa katika chama cha Bwami. Bami ni wengi, na kila mmoja ana daraja lake. Makala haya yanadai kwamba tofauti hiyo itufundishe namna ya kuvisoma vitabu vya Padri Alexis Kagame (1912–1981), na namna ya kuufikiria uongozi wa shule katika mji kama Misisi.

Kagame alikuwa mwanahistoria, mshairi na mwalimu. Katika Inganji Karinga (1943 na 1947) aliisimulia historia ya ufalme kwa Kinyarwanda. Katika La poésie dynastique au Rwanda (1951) aliuchambua ushairi wa kifalme, yaani ibisigo. Mchango wake mkubwa ni kuliona shairi kuwa hifadhi ya kumbukumbu. Hadithi hugeuka kinywani mwa kila msimulizi, lakini utungo uliokaririwa neno kwa neno haugeuzwi ovyo. Kwa hoja hiyo alithibitisha kuwa watu wasiokuwa na maandishi hawakukosa nyaraka. Ni hoja nzito, maana ilitolewa wakati wa ukoloni, na Mwafrika aliyeijua lugha ya tungo hizo tangu utotoni.

Hata hivyo, watunzi wa ibisigo waliitumikia ikulu. Shairi linapohifadhi maneno barabara, huhifadhi barabara pia upendeleo wa mtunzi wake. Mwaka 1962 mwanahistoria Jan Vansina alipinga tarehe ndefu ambazo Kagame alizipa nasaba ya wafalme. Ubishi huo una funzo: usahihi wa kukariri si usahihi wa tukio. Anayesikiliza mlango mmoja tu wa nyumba hawezi kujua yaliyosemwa uani.

Teritware ya Fizi ina sekta nne: Lulenge, Mutambala, Ngandja na Tanganyika. Haina kiti kimoja cha enzi, na msomaji wa Kagame anaweza kudhani kwamba haina hifadhi pia. Bwami unamkanusha. Mwanaanthropolojia Daniel Biebuyck, katika Lega Culture (1973), anaonyesha kuwa mwanamume wa Kilega hupanda madaraja matano, kutoka kongabulumbu hadi kindi, na kila daraja hufundishwa kwa methali zinazoimbwa na kuchezwa, vinyago vya mti na pembe vikiwa mkononi. Hafiki juu peke yake: mkewe naye hupanda madaraja yake. Heshima hapa hutokana na kufundishwa, na ushairi ndio somo lenyewe. Haishangazi kwamba serikali ya kikoloni ilikipiga marufuku chama hiki mwaka 1948; mamlaka yenye vinywa vingi ni vigumu kuyaamuru.

Bwami nao ulikuwa na kasoro. Kupanda daraja kuligharimu mali, na elimu ya juu ilifichwa. Shule isirithi hayo. Irithi kanuni yake ya msingi: anayeongoza ni yule aliyefundishwa zaidi na anayeendelea kufundisha. Misisi ni mji wa dhahabu. Watu wake wametoka pande nyingi, na machimbo humwita mtoto kila siku. Prefe, yaani mkuu wa shule, anayetawala kama mfalme, kwa muhuri na amri, atabaki na madawati. Prefe anayewapandisha walimu wake ngazi kwa ngazi, wanawake kwa wanaume, atakuwa na shule.

Na kazi ya kuanzia ipo. Wanafunzi waende kwa wazee, wakusanye methali kwa Kibembe na Kiswahili, waandike nani alisema, wapi, na katika shughuli gani. Utakuwa uangalifu wa Kagame, ila si kwa ajili ya ngoma moja. Kila mlango wa Misisi utakuwa umesikilizwa, na uani pia.