Kocha mpya ametangazwa: namna ya kusoma rekodi yake

Timu ikitangaza kocha mpya, Kisangani inagawanyika. Kuanzia Makiso hadi Mangobo, kwa watu wa toleka kama vile kwenye ngazi za uwanja wa Lumumba, utasikia sauti mbili. Wa kwanza anasema: "Huyu alifundisha timu kubwa, atatufikisha." Wa pili anajibu: "Ule hajabeba hata kombe moja, anakuja kufanya nini huku?"

Wote wawili wanaangalia kitu kimoja tu: majina na vikombe. Lakini kocha akichaguliwa vibaya, wanaolipa ni wengi. Klabu inamlipa mtu wa kuondoka na mtu wa kuingia, wachezaji wanaanza upya katikati ya msimu, na shabiki aliyetoa pesa ya tiketi anarudi nyumbani na hasira. Ndiyo maana tunaeleza hapa namna ya kusoma rekodi ya kocha, kwa mifano ambayo kila mtu anaikumbuka: makocha wa timu yetu ya taifa, Leopards.

Héctor Cúper: jina kubwa

Mwezi wa tano 2021, shirikisho la mpira FECOFA lilimleta Héctor Cúper, kocha wa Argentina. Kwa karatasi, Kongo haikuwa imepata mtu wa jina kama hilo kwa miaka mingi. Cúper aliifikisha Valencia ya Hispania kwenye fainali mbili za Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, 2000 na 2001. Alifundisha Inter Milan. Aliipeleka Misri kwenye fainali ya Kombe la Afrika (CAN) 2017, kisha kwenye Kombe la Dunia 2018, ambalo Misri ilikuwa haijalicheza tangu 1990.

Sasa tusome tarehe. Mambo makubwa ya Ulaya yalikuwa na umri wa miaka 20. Baadaye alifundisha Georgia, ambayo haikushinda mechi hata moja ya kutafuta tiketi ya Kombe la Dunia 2010. Misri ilikuwa kazi nzuri, lakini pale Urusi ilipoteza mechi zote tatu. Kisha Uzbekistan ikamwachisha kazi mwezi wa tisa 2019, baada ya kupigwa 2-0 na Palestina.

Tuwe wa haki: Cúper hakuharibu kila kitu kwetu. Aliongoza kundi lililokuwa na Benin, Tanzania na Madagaska, akafika mechi za mwisho za kutafuta Kombe la Dunia 2022. Hapo Moroko ikatutoa: 1-1 Kinshasa, halafu 4-1 Casablanca. Mwezi wa sita mwaka huo tukaanza safari ya CAN kwa kupoteza mechi mbili mfululizo, nyumbani mbele ya Gabon na ugenini kwa Sudan. Baada ya hapo njia zikaachana.

Sébastien Desabre: jina dogo

Mwezi wa nane 2022 akaja Mfaransa Sébastien Desabre. Wengi waliuliza: ni nani huyu? Alikuwa ametoka Niort, timu ya daraja la pili Ufaransa. Hakuwa na fainali ya Ulaya wala Kombe la Dunia.

Lakini rekodi yake ilikuwa na kitu ambacho haraka zetu zilipita juu yake. Kwa miaka mingi alikuwa amefanya kazi Afrika: Côte d'Ivoire, Kamerun, Tunisia, Angola, Algeria, Moroko, Misri. Zaidi ya yote, aliifundisha Uganda. Kwenye CAN 2019, Cairo, Uganda yake ilitupiga sisi wenyewe 2-0 mechi ya kwanza, halafu ikavuka makundi. Uganda haikuwa imefanya hivyo tangu ilipocheza fainali ya 1978. Na haikuwa na wachezaji wa bei kubwa kama wa kwetu.

Jibu lilikuwa pale, mbele ya macho yetu: mtu anayejua kufanya timu ya Afrika isiyo na mali nyingi iwe ngumu kufungwa. Na ndicho alichokuja kufanya. Kutoka kwa mechi mbili zilizopotea, Leopards walipata tiketi ya CAN, na mwanzoni mwa 2024 pale Côte d'Ivoire walifika nusu fainali. Mwezi wa kumi na moja 2025 wakaitoa Kamerun 1-0, halafu Nigeria kwa penalti, na kushinda mashindano ya mchujo ya Afrika ya kutafuta Kombe la Dunia 2026.

Je, rekodi yake haikuwa na doa? Ilikuwa nalo. Alikuwa mtu wa kuhama: klabu nyingi, muda mfupi. Mtu makini angeweza kusema, "Huyu hatakaa." Kwetu alikaa. Kwa hiyo rekodi inasaidia kukisia, lakini haitoi hukumu ya mwisho.

Namba zinaweza kudanganya

Watu wanapenda kuhesabu ushindi. Tuhesabu basi CAN ile ya Côte d'Ivoire. Leopards walicheza mechi saba. Sare na Zambia, Moroko na Tanzania. Sare na Misri, wakapita kwa penalti. Wakaipiga Guinea 3-1. Wakapoteza 1-0 mbele ya Côte d'Ivoire. Sare na Afrika Kusini, wakapoteza kwa penalti. Yaani ushindi mmoja tu ndani ya muda wa mchezo, sare tano, kipigo kimoja.

Mtu asiyejua atasema: kocha ameshinda mechi moja kati ya saba, afukuzwe. Kumbe timu ilimaliza ya nne Afrika, na kati ya wapinzani hao kulikuwa Misri yenye vikombe saba na mwenye nyumba aliyebeba kombe lenyewe. Ukipewa asilimia ya ushindi, uliza kwanza: dhidi ya nani, wapi, na kwa wachezaji gani?

Florent Ibenge: kupoteza fainali si kushindwa

Mtoto wa nchi Florent Ibenge anatufundisha kitu kingine. Akiwa na AS Vita Club alipoteza fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika 2014 mbele ya Sétif ya Algeria, halafu fainali ya Kombe la Shirikisho 2018 mbele ya Raja Casablanca. Kuna waliosema ni mtu wa kuishia mlangoni.

Lakini katikati ya fainali hizo, Leopards wake walikuwa wa tatu kwenye CAN 2015. Mwezi wa pili 2016, pale Kigali, alibeba CHAN kwa kuipiga Mali 3-0, na CHAN ni ya wachezaji wa ligi za ndani peke yao. Alipokwenda Moroko kufundisha RS Berkane, akabeba Kombe la Shirikisho 2022. Mtu anayefika fainali mara kwa mara, na timu tofauti, anajua kazi. Cúper naye alifika fainali nyingi, ila zile za klabu kubwa zilikuwa za zamani, na za Ibenge zilikuwa bado za moto. Kwa hiyo tazama tarehe.

Maswali ya kuuliza huku kwetu

Tukiwa na TS Malekesa au timu yoyote ya Mashariki, tunaweza kumpima kocha mpya kwa maswali haya:

1. Alikuta timu wapi na aliiacha wapi? Kocha aliyeipokea timu ya mwisho akaiacha katikati amefanya kazi kuliko aliyeipokea ya kwanza akaiacha ya pili.

2. Alikuwa na nini mkononi? Kushinda ukiwa na TP Mazembe, yenye uwanja wake na pesa, si sawa na kushinda pale ambapo mishahara inachelewa na safari ya ugenini inangoja ndege. AS Maniema Union ya Kindu ilipofika makundi ya Ligi ya Mabingwa 2024-2025, ilipangwa na FAR na Raja za Moroko pamoja na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini. Kufika tu pale kulikuwa kazi.

3. Ni lini? Miaka mitano ya mwisho ina uzito kuliko ya zamani.

4. Alikaa muda gani, na kwa nini aliondoka? Kuna anayefukuzwa kwa matokeo, na kuna anayeondoka kwa sababu hakulipwa. Kocha aliyekuwa Goma au Bukavu mwaka 2025, vita vilipofika, hapimwi kwa mechi peke yake.

5. Vijana wangapi walikua mikononi mwake? Klabu isiyo na pesa ya kununua inaishi kwa vijana wake.

6. Ana leseni gani? CAF ina ngazi za D, C, B, A na Pro. Timu inayolenga mashindano ya Afrika isingoje siku ya kujiandikisha ndipo igundue kocha hana karatasi.

Maswali haya yanamhusu mgeni na mwenyeji sawasawa. Mwaka 2017 TP Mazembe ilibeba Kombe la Shirikisho na Pamphile Mihayo, mchezaji wake wa zamani. Kutoka Ulaya si sifa, na kuzaliwa hapa si kasoro.

Baada ya kuuliza yote, bado kuna jambo moja: muda. Desabre alipewa muda, na mwezi wa tisa 2025 alipopoteza 3-2 Kinshasa mbele ya Senegal baada ya kuongoza 2-0, hakufukuzwa. Miezi miwili baadaye Kamerun na Nigeria zilikuwa nje. Kama klabu imesoma rekodi vizuri kabla ya kusaini, basi mechi tatu mbaya zisitoshe kuichana karatasi ile. Na kama mechi tatu zinatosha, uliza viongozi walisoma nini siku ile ya kumchagua.