Chuma cha Ghalani

Sehemu ya Pili

ILIPOISHIA: Tulipobomoa ghala la marehemu babu huko Mwala, tulikuta chuma chenye mpini mrefu kimechomekwa kwenye nyasi za paa. Mjomba alisema ni mtaimbo mbovu, auziwe mnunuzi wa vyuma chakavu. Nilimwomba anivumilie hadi jioni, nikakitia kwenye gunia na kupanda boda kwenda Wamunyu. SASA ENDELEA...

Wamunyu utasikia tezo kabla hujamwona mchongaji. Wazee kwa vijana wamekalia vigogo chini ya miti, vipande vya mbao vinaruka miguuni mwao. Mwanzilishi wa kazi hii ni Mutisya Munge, mwana wa hapa hapa, aliyerudi kutoka Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza akiwa amejifunza uchongaji kwa Wazaramo. Kama kuna mahali Ukambani patakapokitambua chuma changu, nilijiambia, ni hapa.

Vijana walishindwa. Mmoja alisema ni patasi, mwingine mkuki wa kale. Wakanielekeza kwa mzee aliyekuwa akipiga msasa shingo ya twiga.

"Habari ya kazi, mzee?"

"Njema, mjukuu wangu. Keti."

Alikipakata kile chuma, akakigeuza polepole.

"Tezo ni hii," akainua yake. "Makali yamekingama na mpini, kwa hiyo unakata ukijivutia. Hiki chako makali yamenyooka na mpini. Hiki kinasukumwa."

"Basi ni patasi?"

"Patasi hugongwa. Tazama kitako cha mpini."

Nikatazama. Hakikuwa na alama ya nyundo wala rungu.

Akapitisha kidole gumba kwenye makali, yaliyopinda kama mwezi mwandamo. "Makali ya namna hii hula ndani ya kitu cha mviringo. Na mpini mrefu hufika mahali mkono usipofika."

Akachukua kijiti, akachokoa pale chuma kinapoingia kwenye mpini. Kikatoka kibonge cheusi. Akakiweka juu ya kigae kando ya makaa ya chai. Kikalainika, na harufu ikapanda. Ilikuwa nta.

"Mizinga!" akasema, uso ukimng'aa. "Hiki ni cha kukombea mizinga. Unakata gogo la mukau, mti usioliwa ovyo na mchwa. Unalikomba kutoka ncha hii, unaligeuza, unalikomba kutoka ile ya pili, mpaka matundu yakutane. Unaziba ncha zote kwa vifuniko, unaacha upenyo wa nyuki, kisha unautundika mzinga mtini."

Nilifurahi, lakini furaha haikukaa. Babu alikuwa akiwakimbia nyuki maisha yake yote. Hakuna aliyewahi kumwona na mzinga.

"Sasa ushike mpini," mzee akaniamuru.

Nikaushika, mkono wa kulia mbele. Viganja vyangu havikuenea kwenye mabonde yaliyolika mtini. Akanibadilisha mikono, wa kushoto ukatangulia. Vikaenea barabara.

"Mwenyewe alikuwa wa shoto," akasema.

Babu alikuwa wa mkono wa kulia.

Mzee akachovya kitambaa kwenye mafuta, akasugua masizi ya mpini. Ikajitokeza michoro: mistari mitatu, na nusu duara juu yake. Nilijua maana yake. Wakamba huchora alama ya mwenyewe kwenye mzinga, ili hata ukiwa porini ijulikane ni wa nani, maana wizi wa asali si jambo dogo.

Kitambaa kikasimama. Mkono wa mzee ukaanza kutetemeka.

"Alama hii si ya kwenu," akasema. "Ni ya kwetu. Kaka yangu alikuwa wa shoto. Alikwenda kutundika mizinga upande wa Yatta, hatukumwona tena."

Nilitoa simu, nikampigia nyanya na kuweka spika.

"Nyanya, kile chuma cha ghalani, babu alikitoa wapi?"

Kimya.

"Uko wapi wewe?" akauliza hatimaye.

"Wamunyu."

"Ondoka hapo! Funga gunia uondoke sasa hivi! Na ole wako umwambie mtu kwamba unanijua mimi!"

Mzee alikuwa ameshasikia. Aliinuka, msasa ukamponyoka, akainamia simu na kumwita nyanya kwa jina ambalo sijawahi kulisikia nyumbani kwetu.

Upande wa pili, nyanya akaanza kulia.

"Mjukuu wangu," mzee akasema, sauti ikimkwama, "huyo unayemwita nyanya ni mke wa kaka yangu. Na sisi tuliambiwa walikufa pamoja."

Je, ni nani aliyepeleka habari hizo za kifo? Na kile chuma kilimfikiaje babu? Usikose Jumamosi ijayo.

ITAENDELEA