Safari ya ubingwa: Anayopaswa kujua daktari kabla ya kuomba nafasi

MKAZI wa Mbumbuni, Kaunti ya Makueni, anapohitaji daktari bingwa, aghalabu hulazimika kufunga safari hadi Wote, Machakos au hata Nairobi. Ndiyo sababu kijana wa sehemu kama hiyo anapohitimu udaktari, jamaa na majirani huanza kumuuliza atabobea katika fani gani.

Hata hivyo, wengi hugundua wakiwa wamechelewa kwamba mlango wa shahada ya uzamili ya udaktari ni mwembamba, na kwamba maandalizi yake huanza miaka kadhaa kabla ya fomu kujazwa.

Nchini Marekani, tangu 1952, upo mpango wa kitaifa unaolinganisha chaguo la daktari na chaguo la hospitali. Kenya haina mpango wa aina hiyo. Kila chuo hujiteulia wanafunzi, na anayekataliwa na kimoja hapelekwi kwingine. Ni busara basi kuomba katika zaidi ya chuo kimoja.

Njia zilizopo

Chuo Kikuu cha Nairobi hufunza mabingwa wake hasa katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, nacho Chuo Kikuu cha Moi hutumia Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret. Chuo Kikuu cha Aga Khan pia hutoa mafunzo hayo jijini Nairobi. Masomo huchukua kati ya miaka mitatu na sita, kutegemea fani.

Anayetaka upasuaji ana njia nyingine: Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini (COSECSA), kilichoanzishwa 1999. Hapa daktari hujifunza akiwa kazini katika hospitali iliyoidhinishwa, kama vile Kijabe na Tenwek.

Sifa za mwombaji

Kila mwombaji sharti awe amekamilisha mwaka wa uanagenzi na kusajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno (KMPDC). Vyuo huzingatia pia uzoefu wa kazi baada ya uanagenzi.

Mwanagenzi asiuone mwaka huo kuwa wa kupita tu. Daktari bingwa anayemwona wodini usiku wa manane ndiye atakayeombwa barua ya mapendekezo siku za usoni. Barua ya mtu aliyefanya kazi nawe kwa karibu huwa na uzito kuliko ya mkubwa asiyekujua. Aidha, weka kumbukumbu za upasuaji ulioshiriki na wagonjwa uliowahudumia.

Utafiti nao una nafasi yake, kwa kuwa mwanafunzi wa uzamili huandika tasnifu. Daktari wa hospitali ya kaunti anaweza kuanza na swali dogo kutoka wodini mwake, mradi apate kwanza idhini ya kamati ya maadili. Kwenye usaili, anayeeleza tatizo alilolishuhudia mwenyewe huaminika upesi.

Uchaguzi wa fani

Wengi hukimbilia upasuaji, magonjwa ya watoto na uzazi. Nusukaputi, patholojia, magonjwa ya akili na tiba ya familia, iliyoanza kufundishwa Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2005, aghalabu huwa na msongamano mdogo. Umuhimu wa fani hizo si mdogo: hospitali yenye mpasuaji hodari lakini isiyo na mtu wa kumlaza mgonjwa usingizi haiwezi kufungua chumba cha upasuaji.

Lakini mtu asichague fani kwa sababu ya wepesi wa kuingia pekee. Ataifanya kazi hiyo maisha yake yote.

Ruhusa na karo

Hapa ndipo ndoto nyingi hufifia. Tangu ugatuzi uanze 2013, mwajiri wa madaktari wengi wa umma ni serikali ya kaunti, nayo ndiyo hutoa likizo ya masomo. Daktari aliyepata nafasi chuoni bila ruhusa hiyo hujikuta njia panda: aache mshahara au aache masomo. Chama cha madaktari, KMPDU, kimelalamika mara nyingi kwamba wanaojilipia karo huhudumia wagonjwa mchana na usiku bila malipo.

Kwa hivyo, ombi la likizo liandikwe mapema, kabla ya matokeo ya chuo kutoka, na lionyeshe upungufu ambao hospitali yako itauziba utakaporejea. Soma pia mkataba wa kurudi kazini kwa makini: hesabu miaka unayotakiwa kutumikia na fidia utakayodaiwa ukiondoka mapema. Jibu la kaunti likija, lihifadhi kwa maandishi. Ahadi ya mdomo haimlipii mtu karo.